Imejaribiwa kwa Nani?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wauguzi, wakunga, wanafunzi na wahudumu wa afya ya jamii hapa Mombasa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Walimu wangu, dada na kaka zangu wauguzi na wakunga, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Ahsanteni kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa nizungumzie kwa nini watu wengi hawaiamini chanjo, na hasa kwa nini wanawake huogopa. Mada hii huzungumzwa kama vile sayansi iko upande huu na uvumi uko upande ule, na kazi yetu ni kuwavuta watu wavuke waje kwetu. Mimi nimekaa kliniki ya wajawazito miaka mingi, na sivyo ninavyoliona jambo hili. Mama anayekunja uso mbele ya sindano mara nyingi ana swali moja tu, hata akilifunika kwa maneno mengine: hii imejaribiwa kwa nani? Imejaribiwa kwa mtu mwenye mwili kama wangu, anayepata hedhi, mwenye mimba, anayenyonyesha? Hilo ni swali la kitaalamu kabisa. Watafiti wenyewe walichelewa sana kujiuliza. Na kila mahali tulipolijibu kwa dharau, alitokea mtu mwingine akalijibu kwa uongo.

Nianze na ya nyumbani.

Mwaka 2013 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na WHO na UNICEF, ilianza kampeni ya chanjo ya pepopunda katika maeneo yaliyoonekana kuwa na hatari zaidi. Waliolengwa walikuwa wanawake na wasichana wa miaka 14 hadi 49. Awamu ya kwanza ilikuwa Oktoba 2013, ya pili Machi 2014, ya tatu Oktoba 2014. Novemba 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki, pamoja na chama cha madaktari Wakatoliki, wakatangaza kwamba sampuli za chanjo hiyo zimepimwa na kukutwa na homoni ya hCG, ile inayotafutwa kwenye kipimo cha mimba, na kwamba nia ya kampeni ni kuwafunga wanawake uzazi bila wao kujua.

Niseme wazi kabla sijaendelea: chanjo ile haikuwa ya kufunga uzazi. Vipimo vilivyotumika vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu. Kichupa cha chanjo kina viambato vya kuhifadhi na vya kuamsha kinga, na ukivitia vitu hivyo kwenye kipimo ambacho hakikukusudiwa kwavyo, unaweza kupata namba isiyo na maana yoyote. Mwalimu yeyote wa maabara aliyemo humu atawathibitishia.

Lakini tusikimbie hapo, maana uvumi ule ulikuwa na mahali pa kushika mizizi. Watu waliuliza mbona wanawake peke yao, na tena wa umri wa kuzaa tu. Wakauliza mbona imepangwa mara tano, wakati sindano ya pepopunda ukijikata panga ni moja au mbili. Na kulikuwa na jambo la tatu, zito kuliko hayo: utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba kwa kutumia hCG uliwahi kufanyika kweli. Kule India, Profesa G. P. Talwar na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanawake waliojitolea. Homoni hiyo iliunganishwa na protini itokanayo na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali, ili mwili uione kama kitu kigeni na kuitengenezea kinga. WHO nayo ilikuwa na kikosi cha wataalamu kilichoshughulikia chanjo za namna hiyo. Utafiti ulikuwa wa wazi, washiriki walijua wanachopewa, na haukuwa na uhusiano na sindano za kliniki. Uvumi huo huo ulikwisha kuzunguka Mexico na Ufilipino katika miaka ya 1990. Sasa wewe muuguzi ukimwambia mama kwamba hakuna kitu kama hicho duniani, halafu binti yake akakipata kwenye simu kabla hawajafika stendi, hutaaminiwa tena hata ukisema leo ni Jumanne.

Wanafunzi, wengi wenu hamjamwona mtoto mchanga mwenye pepopunda, nami nashukuru kwa hilo. Lakini ni lazima mjue. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Kitovu kimekatwa kwa wembe uliokwisha kutumika, au kimepakwa majivu au kinyesi cha ng'ombe. Siku ya tano au ya saba anaanza kukataa ziwa. Mama anadhani ameshiba, kumbe mataya yanakaza. Baadaye ukimgusa tu, au mlango ukibamizwa, au mtu akiwasha taa, mwili mzima unakakamaa, mgongo unapinda kwenda nyuma, vidole vinajifumba, midomo inavutika pembeni. Fahamu anazo muda wote huo. Huku pwani wazee wengi wataita degedege na watatafuta wa kumsomea. Asipofika hospitali yenye uwezo, karibu hakika atakufa, na hata akifika wengi huwapoteza.

Mtoto huyu huwezi kumchanja yeye mwenyewe ukawahi. Njia iliyopo ni kumchanja mama, ili kingamwili zake zipite kwenye kondo la nyuma mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo maana wanawake. Na mara tano kwa sababu mwanamke ambaye hakukamilisha chanjo zake za utotoni anahitaji dozi tano zilizopangwa kwa nafasi, ili kinga imtoshe miaka yote ya kuzaa. Majibu hayo mawili yanaenea kwenye karatasi moja. Yalipaswa kutangulia vijijini kabla ya masanduku ya baridi. Kwa watu wengi yalifika baada ya tangazo la maaskofu, na kwa sauti ya kujitetea, nayo sauti ya kujitetea haimtulizi mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki ambao hauzungumzwi, nami naona unastahili dakika zake. Katika miaka hiyo hiyo mpango wa tohara ya hiari ya wanaume, wa kupunguza maambukizi ya VVU, ulikuwa umeenea Afrika Mashariki na Kusini. Wanaume kadhaa wakapata pepopunda baada ya kutahiriwa, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2015 WHO ilikutanisha wataalamu kulichunguza jambo hilo, na Uganda ikaja kudai chanjo ya pepopunda kabla ya tohara. Kwa nini wanaume wazima hawakuwa na kinga? Kwa sababu chanjo ya pepopunda kwa watu wazima ilikuwa imefanywa mali ya kliniki ya wajawazito. Mvulana akishatoka utotoni hakuna aliyemkumbuka. Kwa hiyo yule mzee wa kijiji aliyeuliza, "mbona wanangu wa kiume hamuwachanji?" aliuliza jambo la maana sana, na aliyemcheka hakulijua pengo lililokuwa mbele yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye majaribio ya dawa, maana ndipo penye kiini cha shaka hii.

Hofu ya kuwaingiza wanawake kwenye majaribio ina chanzo, na chanzo chake ni msiba. Mwaka 1957 thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi na utulivu, kisha ikatumika kuwatuliza kichefuchefu wajawazito. Ilipoondolewa, mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa bila mikono au miguu kamili. Idadi inayotajwa ni zaidi ya 10,000 duniani. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu Daktari Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa, FDA, alikataa kuipitisha akisema ushahidi wa usalama hautoshi, na akashikilia msimamo wake hata kampuni ilipomsukuma.

Msiba ule ungeweza kufundisha mengi. Funzo lililochukuliwa, kwa maoni yangu, lilikuwa la kinyume. Mwaka 1977 FDA ilitoa mwongozo kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Mwongozo huo uliwagusa hata wasio na waume, hata wanaotumia uzazi wa mpango. Ulidumu mpaka 1993, mwaka ule ule ambao sheria ya Marekani ilidai tafiti zinazofadhiliwa na taasisi za taifa za afya ziwashirikishe wanawake.

Thalidomide haikuwadhuru akina mama kwa sababu walishirikishwa kwenye majaribio. Iliwadhuru kwa sababu waliuziwa dawa ambayo hakuna aliyekuwa ameipima ipasavyo kwa mimba. Mwanamke ukimzuia asiingie kwenye jaribio hujamwondolea hatari. Umeihamisha hatari hiyo kutoka chumba chenye daktari, rekodi na uangalizi, ukaipeleka nyumbani kwake, ambako hakuna anayeandika kinachompata. Jaribio litakuja tu. Litafanyika kimya kimya, kwa mamilioni, baada ya dawa kuingia dukani.

Mfano unaojulikana ni zolpidem, dawa ya usingizi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1992, dozi moja kwa wote. Mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka ishirini, FDA ilielekeza dozi ya kuanzia ya wanawake ipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa dawa hiyo polepole zaidi na asubuhi bado imo kwenye damu kiasi cha kumfanya mtu asiwe salama kuendesha gari. Na ripoti ya wakaguzi wa serikali ya huko ya mwaka 2001 iliangalia dawa kumi zilizoondolewa sokoni kuanzia 1997, ikakuta nane zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake. Baadhi ni kwa sababu wanawake waliandikiwa zaidi, nyingine kwa sababu miili yao ilizipokea tofauti.

Lakini hizo ni za Marekani. Iliyotugusa sisi hapa ni dolutegravir.

Wale mlio kwenye kliniki za VVU mnaijua. Ni dawa nzuri, hupunguza virusi haraka, haina njozi za kutisha na kizunguzungu cha efavirenz, dawa ya VVU iliyoitangulia, na virusi huchelewa kuwa sugu kwake. Mei 2018 utafiti wa Botswana uliokuwa ukifuatilia akina mama wanaojifungua uliona jambo la kutia wasiwasi: kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia tangu kabla ya kushika mimba, wanne walizaa watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Wanne ni idadi ndogo, lakini ni zaidi ya ilivyotarajiwa, na watafiti walifanya haki kupiga kengele. Kilichofuata ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, ziliwabakiza wanawake wa umri wa kuzaa kwenye efavirenz huku wanaume wakihamishiwa dawa bora. Mwanamke wa miaka 40 aliyekwisha kuzaa watoto wake na hataki mwingine alihesabiwa kwanza kama mimba inayoweza kutokea, na baadaye kama mgonjwa.

Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, kutoka nchi nyingi za bara hili, wakasema jambo hilo halikubaliki. Hawakusema hatari haipo. Walisema tupeni taarifa, tupeni uzazi wa mpango kwa anayeutaka, kisha mtuachie tuchague. Ukweli wa kisayansi ukaja ukawakuta wamesimama hapo. Kufikia 2019 utafiti ule ule wa Botswana ulikuwa na wajawazito zaidi ya 1,600, na kiwango cha kasoro kikawa kimeshuka hadi watoto 3 katika kila 1,000. Julai 2019 WHO ikapendekeza dolutegravir kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwamo, na takwimu za baadaye zikaonyesha tofauti na dawa nyingine imetoweka. Wanawake wale wangeshirikishwa tangu majaribio ya mwanzo, jibu lingekuwapo kabla ya swali kuwa kashfa.

Na mimi nawaomba mtazame jinsi wale wanawake wa Kigali walivyosema, maana ndivyo anavyotaka kusemeshwa mama yeyote aliye mbele yenu. Walipokea habari ya hatari, wakaipima, wakaendelea kuitaka dawa. Sisi huficha habari ya madhara tukidhani mama atakimbia.

Kwa ndugu zetu wa Kongo mambo yalikuwa makali zaidi. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, nchi ya Beni na Butembo, watu wanaozungumza lugha hii tunayoizungumza sasa. Mlipuko ule ulidumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287. Safari hii chanjo ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Waliochanjwa ni wale waliomkaribia mgonjwa na waliowakaribia hao. Isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha: wao waliwekwa kando, kwa sababu chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa na haikuwa imejaribiwa kwao. Sababu hiyo ina uzito wake. Lakini mjamzito akipata Ebola, mimba karibu haiokoki, na yeye mwenyewe yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mlipuko ule walikuwa wanawake, kwa maana wao ndio wanaouguza, wanaofua nguo za mgonjwa, wanaoosha maiti. Mpaka Februari 2019 ndipo washauri wa WHO walipopendekeza wajawazito na wanaonyonyesha nao wapewe nafasi, na utekelezaji ukachukua miezi mingine.

Fikirini nyumba moja pale Beni. Wamemuuguza bibi mmoja, wote wamemgusa. Mume anachanjwa, shemeji anachanjwa, mke mwenye mimba ya miezi sita anaambiwa asubiri. Utamshawishi nani kwenye nyumba hiyo kwamba kitu kilichomo kwenye kichupa ni salama? Ni katika miji hiyo hiyo, Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961, na karibu robo yao wakasema Ebola haipo. Watu walikuwa wameona vita miaka mingi bila mtu kuja kuwaokoa, kisha ghafla wakaona misafara ya magari kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Baadaye, Desemba, upigaji kura wa uchaguzi wa rais ukaahirishwa kwao wakati karibu Kongo yote inapiga kura, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu. Shaka yao ilikuwa na sababu nyingi, na ya chanjo kuwapita wajawazito naiweka miongoni mwake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu wengi huogopa kulisema hadharani, kwamba mwili wa mwanamke na wa mwanamume havipokei chanjo kwa namna moja. Mimi nalisema, na anayetaka kulitumia vibaya atalitumia hata nikinyamaza. Kwa jumla wanawake hutengeneza kingamwili nyingi zaidi, na pia huripoti homa, uchovu na maumivu ya mkono zaidi. Katika utafiti mmoja wa chanjo ya mafua, uliochapishwa mwaka 2008, wanawake waliopewa nusu dozi walikaribia kinga ya wanaume waliopewa dozi kamili. Hiyo ni habari njema, lakini muuguzi anayemwambia dada mwenye homa kwamba anajidekeza anapingana na sayansi.

Wakati mwingine tofauti hiyo ni nzito. Karibu na mwaka 1990 WHO ilipendekeza chanjo ya surua yenye nguvu kuliko ya kawaida, wapewe watoto wa miezi sita katika nchi ambako surua ilikuwa inaua sana. Surua ilizuilika. Lakini huko Guinea-Bissau, Senegal na Haiti, watafiti waliotenganisha wavulana na wasichana kwenye hesabu zao waliona wasichana waliopewa chanjo hiyo wakifa zaidi kwa magonjwa mengine katika miaka iliyofuata. Mwaka 1992 ikaondolewa. Chanjo ya surua tunayoitumia leo siyo ile, nayo imeokoa watoto wengi kuliko wanavyoweza kuhesabika. Ninachotaka mkione ni kwamba wangejumlisha watoto wote kwenye safu moja, hatari ile ingejificha. Iligunduliwa kwa sababu kuna mtu aliyeuliza wangapi ni wasichana.

Na corona mnaikumbuka wenyewe. Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson Julai 2021, na Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Miezi mitatu kabla, Aprili, Marekani ilikuwa imeisimamisha chanjo hiyo hiyo kwa siku kumi baada ya kuonekana watu sita wenye damu iliyoganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi karibu milioni 7. Wote sita walikuwa wanawake, wa miaka 18 hadi 48. Hatari ni ndogo mno, corona yenyewe ilikuwa hatari zaidi. Hata hivyo ni haki ya mwanamke wa miaka 30 kuambiwa: ukipata kichwa kikali kisichoachia, maumivu makali ya tumbo au mguu kuvimba ndani ya wiki tatu, njoo haraka, usingoje. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na anayeambiwa hivyo anajua kwamba kuna mtu anayemwangalia.

Mwaka huo huo akina mama walianza kuniuliza kuhusu hedhi baada ya chanjo ya corona. Imechelewa, imekuja nzito, imekuja mara mbili. Mmoja alinivuta pembeni, mlango wa chumba cha sindano ukiwa wazi na foleni inasikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama atazaa tena. Hakukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu majaribio yale makubwa hayakuwa yamewauliza wanawake kuhusu hedhi zao. Makumi ya maelfu ya washiriki, joto la mwili likapimwa, uchovu ukaandikwa, na jambo linalompata mwanamke kila mwezi likaachwa. Mitandao ikaijaza nafasi hiyo kwa neno utasa. Januari 2022 ndipo ukatoka utafiti wa wanawake karibu 4,000 wa Marekani: mzunguko hurefuka kwa pungufu ya siku moja, kisha hurudi. Oktoba 2022 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakapendekeza hedhi nzito iandikwe kwenye orodha ya madhara ya chanjo za Pfizer na Moderna. Kwa hiyo wanawake walisema kweli, na hawakuwa tasa. Mambo yote mawili yangeweza kujulikana mapema kwa swali moja kwenye fomu.

Mambo yameanza kubadilika, tena yamebadilikia hapa hapa kwetu. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walikubali kuingia kwenye utafiti wa chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, ili ijulikane kama dozi moja inatosha. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti mwingine wa swali hilo hilo. Ilionekana dozi moja hukinga vizuri, na mwaka 2022 WHO ikakubali ratiba ya dozi moja. Kwa hiyo mama wa Kilifi akikuuliza chanjo hii imejaribiwa kwa nani, mjibu bila kusita: imejaribiwa kwa mabinti wa Kisumu.

Halafu kuna sindano ya kuzuia VVU, lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Nyuma yake kuna historia chungu: mwaka 2019 kidonge kingine cha kuzuia VVU kiliruhusiwa Marekani kwa makundi mengine, wanawake wakaachwa, kwa sababu utafiti wake haukuwahusisha kabisa. Safari hii utafiti ulifanyika Afrika Kusini na Uganda, kwa wasichana na wanawake vijana, na waliopata mimba katikati hawakufukuzwa. Mwaka 2024 matokeo yakatoka: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Nawaomba mambo machache ya kufanya kuanzia Jumatatu. Mama akisema amepata kitu baada ya chanjo, jazeni fomu ya madhara, hata kama mnadhani si kitu. Andikeni jinsia, andikeni umri wa mimba kama anayo, andikeni tarehe ya hedhi ya mwisho. Fomu nyingi ninazoziona hazina hayo, na fomu isiyo na hayo haitamsaidia mtafiti kuona kinachowapata wanawake. Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni mtalitafuta, chukueni namba ya simu, mpigieni. Nanyi mlio kwenye kamati za maadili za utafiti, na humu ndani mpo, kila ombi la jaribio likiwafikia lenye sentensi ya kuwaondoa wajawazito, mtake mtafiti aeleze kwa nini, na aeleze pia ni nani atakayelijibu swali lao na lini.

Nimesema mengi. Sasa nataka kuwasikia ninyi, na wahudumu wa afya ya jamii waanze, maana ndio wanaoulizwa kwanza huko mitaani.